Kipimo Chako Nakingoja

Chumba cha Cherehani,
Nyumba ya Kona.
Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Winchi,

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wale watoto wawili, bado wanagombania kiti cha dirishani, au wamekua na sasa wanagombania simu? Natumaini barua hii itawakuta wazima, na wewe ukiwa umeketi, maana nina mengi na sitaki uisome umesimama mlangoni kama kawaida yako.

Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Shemeji yako yupo, anakusalimia. Mpwa wako amemaliza mitihani yake na sasa analala mpaka saa nne. Nami ni mzima. Narudia kwa sababu najua utauruka mstari huu: mimi ni mzima, nimekula, nimeshona, na tangu asubuhi nimeshagombana na watu wawili.

Barua yako niliipata wiki iliyopita, nikaisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, ya pili nikakasirika, ya tatu nikatafuta kalamu. Pale ulipoandika "mgonjwa wetu" nimepapiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo. Usiniite hivyo tena. Nina jina langu, litumie.

Najua mama alikusimulia kwa simu, na mama akisimulia ugonjwa, anayesikiliza huanza kutafuta sanda. Hebu nikueleze mimi mwenye mwili. Pale moyo unapotoa damu kuiingiza kwenye mshipa mkuu, kuna valvu inayofunguka na kujifunga. Ya watu wengi ina vipande vitatu. Yangu ina viwili, nilizaliwa nayo hivyo na nikacheza nayo kamba utoto wangu wote. Na mshipa wenyewe, hapo mwanzoni mwake, umetanuka na ukuta wake umechakaa kama goti la suruali iliyovaliwa sana. Ukizidi kutanuka unaweza kuchanika. Basi, hiyo ndiyo habari yote. Nameza vidonge vya presha kila asubuhi, sibebi vizito, na kila baada ya miezi sita wananipitishia kile kifaa chao kifuani na kuupima.

Kinachonichosha si mshipa, ni watu. Shemeji yako ameficha ndoo zote za nyumba hii, hata ile iliyotoboka. Mama naye amepiga marufuku nisiambiwe habari yoyote ya ghafla, mbaya wala nzuri, eti moyo usishtuke. Paka wa jirani alizaa, nikaja kuambiwa baada ya wiki nzima, tena nimeketishwa kitini, glasi ya maji pembeni. Nilicheka mpaka mama akaanza kulia, akidhani ndiyo yameanza.

Jumanne alikuja mteja wangu mmoja, karani wa benki, akasimama mlangoni na sauti ya msibani. "Dada, nimekuja tu kuchukua kitambaa changu. Wewe pumzika, usijisumbue." Kitambaa gani, Winchi? Lilikuwa koti tayari, limebaki mikono na kola. Nikamwuliza kama anaogopa nitakufa na koti lake. Nikamvutia stuli, nikamwambia akae hapo hapo asiondoke. Nikapachika mkono wa kwanza, nikapachika wa pili, nikageuza kola, nikapiga pasi. Saa tatu nzima hakuthubutu hata kuomba kwenda chooni. Aliondoka amelivaa, na jua lote lile.

Sasa nikuungamie jambo. Cheka ukitaka, lakini soma mpaka mwisho.

Miaka miwili iliyopita, waliponipima mara ya kwanza, waliniambia mshipa una sentimita nne na nusu. Mimi ni fundi nguo. Mtu akinitajia kipimo cha kitu cha mviringo, kiuno au shingo au mkono, najua amezungusha utepe. Nilipofika nyumbani nikauzungusha utepe kwenye vidole vyangu kimoja kimoja, nikakuta nne na nusu ni hiki kidole cha mwisho. Nikajisemea, yaani hiki ndicho wanachonitishia? Kimshipa chembamba kama kalamu ya seremala? Nikaendelea kubeba majora ya vitambaa begani, ghorofa ya kwanza mpaka chini, shemeji yako akiwa kazini. Nilikuwa najiona jasiri kweli kweli.

Mwezi uliopita kipimo kikawa nne nukta nane. Daktari wangu, mwanamke mpole ambaye hapotezi neno, akaona alama begani akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ukweli, majora mawili ya kitambaa cha sare. Akaniuliza kama najua ukubwa wa kitu tunachokizungumzia. Nikamwinulia kidole changu cha mwisho, tena kwa madaha. Akakitazama kidole, akanitazama mimi. Kisha akachora duara kwenye karatasi, akalikata kwa mstari kutoka ukingo huu hadi ule. "Huu mstari ndio nne nukta nane," akasema. "Sisi tunapima kukatiza, mama, hatuzungushi."

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Ukiuzungushia utepe unapata sentimita kumi na tano. Unajua kumi na tano ni nini kwenye daftari langu? Ni kifundo cha mkono wangu. Nimepima nafasi ya vishikizo vya mikono maisha yangu yote na sikujua nimebeba kifundo cha mkono ndani ya kifua.

Sikufichi, niliogopa. Nilikaa kwenye ile stuli nikauzungusha utepe kwenye kifundo hicho tena na tena. Halafu nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Miaka miwili nilijitapa kwamba siogopi, kumbe sikuwa hata najua ninashindana na nini. Ule haukuwa ujasiri, ulikuwa ni kufumba macho. Siku ile nilikata shauri kwamba huu mshipa nitaujua sentimita kwa sentimita, na nikiujua ndipo nitakapokataa kuinama mbele yake.

Nilirudi kwa daktari na maswali yangu kwenye karatasi. Anasema ukifika tano hawatangoja, watanipasua, watakata kile kipande kilichochakaa na kuweka kingine. Nikauliza kingine cha nini. Ajabu yake, ni cha kitambaa. Kitambaa kilichofumwa, chenye marinda madogo madogo ili kipinde bila kujikunja, na daktari wa upasuaji anakishona kwa mkono, sindano na uzi. Nikamwuliza ni mshono gani, na uzi unene wake. Akacheka, akanitafutia picha. Nimeukagua mshono wenyewe. Si mbaya, ingawa mimi ningeanzia upande wa pili. Wakiniita, nitakwenda kwa miguu yangu, na nimeshamwambia kwamba nikizinduka nitataka kujua alitumia sindano namba ngapi.

Sasa tuje kwako, maana ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Nilikuandikia kwamba kitu hiki hutembea kwenye familia, na kwamba ndugu wa tumbo moja na watoto lazima wapimwe. Ukanijibu mstari mmoja: wewe ni chuma, na huna muda. Mpwa wako amekwenda, vipande vyake ni vitatu na mshipa wake safi. Mama amekwenda na magoti yake yale, naye hana. Uliyebaki ni wewe, ambaye kazi yako ni kubeba makabati na majokofu ya watu kuyapandisha ngazi. Mwezi wa nane unafikisha arobaini na sita. Unajua vizuri kuliko mimi ni nani hakuipita arobaini na sita.

Daktari aliniuliza baba alikufaje. Ilibidi nimsimulie. Kwamba baba alikuwa seremala, kwamba siku ile mlikuwa mnatoa kabati, yeye mbele, wewe nyuma, na wewe una miaka kumi na mitano. Kwamba upande wako uliteleza na uzito wote ukamwendea yeye. Kwamba alishika kifua, akasema mgongo unachanika, nasi tukamlaza tukamsugua dawa ya misuli, na haikufika jioni.

Hujawahi kulisema, Winchi, lakini mimi ni dada yako. Miaka thelathini hujakubali mtu yeyote akushikie upande wa pili wa kabati. Watu wakakupa jina hili la sifa, Winchi, kwa sababu unabeba peke yako, nawe ukalivaa. Mimi ndiye ninayejua kwa nini unabeba peke yako.

Basi nisikilize. Nilimwuliza daktari waziwazi kama ni mkono ulioteleza. Akasema hawezi kuapa, kwa kuwa hakuna aliyempasua baba kuangalia. Lakini kwa maumivu yale, na kwa kuniona mimi, anaamini baba alikuwa na mshipa kama wangu, na mshipa haufiki hapo kwa siku moja. Ulikuwa unatanuka miaka na miaka, wewe ukiwa bado unanyonya. Kama lisingekuwa kabati ingekuwa kikohozi. Hukumuua baba. Nimeandika neno hilo kwa wino ili uweze kulisoma tena kila ukitaka. Hukumuua, mdogo wangu, na mimi sikuwahi kudhani hivyo hata siku moja.

Kwa hiyo usiniambie huna muda. Una woga, kama niliokuwa nao mimi na kidole changu. Uogope tu, hakuna atakayekucheka, lakini uogope ukiwa kwenye foleni ya kipimo. Wanakupaka majimaji ya baridi kifuani, unalala ubavu, nusu saa umemaliza. Na mpaka upate majibu, kabati libebwe na watu wawili.

Ndani ya bahasha utakuta vitu vitatu nilivyotengeneza kwa kitambaa cha bitana. Bomba jembamba, la bluu, ni mshipa wa mtu mzima asiye na tatizo, kama wa mpwa wako. Bomba nene, jekundu, ni wangu. Liweke mezani, waache watoto walishike, wasije kuusikia ugonjwa huu kwa kunong'onezwa kama sisi tulivyonong'onezana. Cha tatu ni kipande cheupe, nimekikata kikubwa kwa makusudi na kukikunja kwa pini. Hicho ni chako. Sikukishona kwa sababu sijui nikishone upana gani, na mimi sishoni kwa kukisia.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie nimemruhusu akuburute ukikataa. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawadai picha. Mama anakusalimia, shemeji yako anakusalimia na anauliza mtu anaweza kuficha wapi ndoo ya sita. Mungu akulinde kifua na mgongo, na akufikishe salama arobaini na saba na nyingine nyingi baada yake.

Mimi ni dada yako, nikupendaye kwa sentimita zote nne nukta nane,

Fundi.

Nimesahau: ile pini usiichomoe. Nirudishie kitambaa kilivyo, na kipimo chako umekiandika juu yake kwa kalamu. Pini nitaichomoa mwenyewe.