Maneno Mia ya Alistidia

Korogwe, 10 Agosti 2025

Mwanangu Alistidia,

Leo ni miaka minne na miezi miwili tangu niondoke Kimwani. Hujambo? Shangazi yako Annastella hajambo? Mimi mzima, ila kiganja cha kulia kimepasuka kwa panga la mkonge.

Karatasi uliyonitumia kwa basi nimeisoma, nakurudishia pamoja na barua hii. Chuo cha uuguzi huko Bukoba kinakuuliza nani alikufundisha kuhudumia mgonjwa, ujibu kwa maneno yasiyozidi mia. Nimeyahesabu. Shangazi umempa arobaini na moja. Uji wa shangazi, tisa. Mimi mawili: "Baba hayupo." Hata uji umenishinda!

Nani alikushikisha beseni nikimwogesha babu yako kitandani? Ulikuwa na miaka saba. Ulimwaga maji, nikakuambia shika tena. Andika hilo. Wewe umefika kidato cha nne, mimi niliishia darasa la tano, lakini ukweli naujua.

Tata wako,
Kahigi

Kimwani, 2 Septemba 2025

Tata,

Shikamoo. Sisi wazima.

Niandike wapi? Kompyuta ya steshenari pale Muleba inakataa neno la mia na moja. Unabonyeza, halitokei. Beseni nalikumbuka. Nakumbuka pia nililishika peke yangu mama akitapika, wewe umeshaondoka. Shangazi ndiye alinionyesha jinsi ya kumgeuza asipate vidonda. Mama alipokufa hukuja hata kwenye matanga. Kwa hiyo "Baba hayupo" si matusi, ni jibu. Tena fupi.

Karatasi hii hapa, nakurudishia. Kama unataka nafasi, chagua mwenyewe maneno ya kutoa. Ukimtoa shangazi, usiniandikie tena. Mwisho wa kutuma ni tarehe 30.

Alistidia

Korogwe, 16 Septemba 2025

Alistidia,

Salamu nimezipunguza, nimejifunza kwako. Naona na mwisho wa barua hukuandika "bintiyo". Usiniambie ulisahau.

Hapa tita moja la mkonge ni majani thelathini. Jani la thelathini na moja umelikata bure, msimamizi halitazami. Kwa hiyo usinifundishe kuhesabu. Shangazi sijamgusa, na uji wake nimeuacha. Nimetoa "kwa heshima na taadhima", kwa sababu hii si risala ya mgeni rasmi. Nimetoa "kama nilivyosema hapo juu". Nimetoa "sana" tatu. Nimetoa "Baba hayupo". Nikapata nafasi kumi na tatu, nikaandika:

"Baba alinifundisha kushika beseni la babu, kisha akaenda kukata mkonge, mama akafa hajarudi."

Hesabu tena kama huniamini. Na ukiitwa kwenye usaili, wakikuuliza kwa nini sikurudi, usinitetee kwamba nilikosa nauli. Nauli nilikuwa nayo. Sikuwa na uso wa kuingia kwenye kibanja chetu, pale migombani, nikute kaburi la mama yako limeshafukiwa. Hilo kwenye mia halikuingia, ndiyo maana nakuandikia hapa.

Hasira yangu bado ninayo, na wewe baki na yako, tutaonana nazo. Usinipikie, wala usije barabarani kunipokea. Nashuka Kimwani Jumamosi, tarehe 18 Oktoba.

Tata wako