Nusu ya Kitanda Namba Kumi na Nne: Kwa Scolastika Wetu

Hukuwa na ofisi. Hukuwa na muhuri, wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Hukuwa na cheti, maana shule uliiachia darasa la nne pale Gulwe, mwaka ambao mvua iligoma na mama yako akakuhitaji shambani. Hukuwa na miwani. Ulivaa yangu, ukairudisha na alama za vidole vyenye mafuta ya karanga. Hukuwa na ndugu serikalini. Na hukuwa na sauti ya kuimba, ingawa katika kwaya nzima hakuna aliyethubutu kukuambia.

Mwaka umeshazunguka, Mama Marko, tangu asubuhi ile ya Ijumaa ulipokaa kwenye kigoda kuchambua mlenda, ukasema unapumzisha macho kidogo, na hukuyafumbua tena. Mlenda ule binti yetu Emilia aliuanika. Umo kwenye kopo jikoni mpaka leo. Kuupika tumeshindwa, na kuutupa tumeshindwa.

Hapa mtaani kwetu Area D wengi hawakujua hata jina lako la ubatizo. Walikuita Mama Maboksi, nawe uliitika.

Ilianza na presha yako mwenyewe. Duka la dawa ulilolizoea lilikuwa limefungwa, ukaenda la pili, wakakupa boksi usilolijua kwa theluthi moja ya bei. Ukalikataa. Ukarudi nyumbani umenuna, ukasema wanataka kukuua, kwani dawa ya presha haiwezi kuuzwa bei ya mchicha. Nilikurudisha kule mwenyewe, tukaliomba lile boksi, nikaliweka dirishani pamoja na boksi lako la zamani. Maandishi makubwa yalikuwa tofauti. Maandishi madogo ya chini, yale ambayo hakuna anayeyasoma, yalikuwa sawa herufi kwa herufi, na kipimo kilekile.

"Kumbe ni mtu mmoja," ulisema, "kabadilisha shati tu." Ukacheka mpaka ukashika mlango.

Ulipokwenda kliniki ulimuuliza daktari, akakuthibitishia, na tangu siku hiyo akawa anakuandikia lile jina dogo. Kwa pesa uliyookoa mwezi wa kwanza ulinunua tetea ukamwita Chenji. Nakupa habari kwamba Chenji sasa ni bibi wa kuku kumi na mmoja, na tabia yake ya kulala juu ya baiskeli yangu hajaiacha.

Ndipo ukaanza kukusanya maboksi matupu ya dawa. Kila boksi ulilibandika kipande cha karatasi chenye jina la duka, bei na tarehe, na gundi yako ilikuwa tonge dogo la ugali wa uwele. Nilikununulia gundi ya dukani, ukasema inanuka. Kila Jumamosi ulipanga maboksi barazani kama nyanya za gengeni, na watu wakaja: wazee wa sukari, akina mama wa pumu, kijana wa bajaji mwenye mtoto wa kifafa. Hukumwambia hata mmoja aache dawa au aibadilishe mwenyewe. Hilo ulilikataza kwa ukali. Ulichowafundisha ni swali moja la kwenda nalo kwa daktari: "Ukiacha jina la boksi, dawa yenyewe inaitwaje?" Mzee Obedi wa nyumba ya tatu alilikariri kama Baba Yetu, akakosea mara nne, na wewe ukamrudisha mwanzo mara nne.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi madogo. Wanaonijua wanajua kwamba nilikuwa mtunza stoo wa reli, na kwamba kwa miaka saba nilikwenda shule ya jioni baada ya kazi, nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na sita. Cheti kiko ukutani. Aliyekipangusa vumbi ni wewe. Wageni uliwaambia, "Mimi ndiye mdomo, huyu ndiye miwani," na sikuona ubaya wowote.

Hospitalini ulikwenda na karanga. Ulizikaanga alfajiri, ukazifunga kwenye karatasi, na kila dirisha ulilosimama, la malipo au la dawa, ulipitisha pakiti moja. Ulisema mtu mwenye karanga mdomoni hawezi kukufokea.

Kisha ukalazwa. Hospitali sitaitaja, waliokuwemo wanajua. Wodi ilikuwa imejaa, ukapewa kitanda namba kumi na nne pamoja na Hamida, mama wa watoto watatu kutoka Chemba, naye mgonjwa wa presha kama wewe. Siku sita mlilala mzungu wa nne, kichwa chako kwenye miguu yake, na cha kwake kwenye miguu yako. Nilikuja kukuona nimejiandaa kukupa pole, nikakuta kitanda kizima kinatikisika kwa kicheko. Hamida alikuwa anakufundisha salamu ya Kisandawe, na ule mlio wa kugonga ulimi kinywani ulikuwa umekushinda kabisa. Alisema unatoa sauti ya kuku anayeitiwa mahindi.

Siku ya kutoka, mkapewa hesabu. Wewe siku sita za kitanda. Hamida siku sita za kitanda. Nilikunong'oneza kwamba bima yangu ya ustaafu inakulipia, tuondoke. Ulinitazama kwa macho yale ambayo watoto wote wanayafahamu. Ulisema hata bima ni jasho la watu, na kwamba kitanda kilikuwa kimoja. Ukamshika Hamida mkono, mkasogea dirishani kwa mhasibu, kijana Frank.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kitanda namba kumi na nne kina miguu mingapi?"

Frank alikutazama vizuri. Nadhani alihofia presha imepanda kichwani. "Minne, bibi."

"Miwili nililalia mimi, miwili Hamida. Mbona umetuandikia minane?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na Frank naye akacheka, maana alikuwa mtu mwema na karanga zako alikuwa ameshazifungua. Alieleza kwamba kompyuta inahesabu wagonjwa, haihesabu vitanda, na yeye hana ruhusa ya kuibishia. Ruhusa iko kwa bodi ya hospitali. "Niletee barua, bibi," alisema. "Nikisema kwa mdomo hawatanisikiliza. Karatasi wataisikiliza."

Wewe bima ilikulipia. Hamida alikuwa na nusu tu ya pesa aliyodaiwa ya kitanda. Akailipa, akatia saini kwamba nusu iliyobaki ataileta baada ya kuvuna ufuta, isipokuwa bodi ikisema vingine. Mlipoagana getini ulimwambia asiwe na wasiwasi, barua itakwenda wiki hiyohiyo.

Jioni ile ulikaa mezani, ukanisomea kutoka kichwani mwako, nami nikaandika. Ilikuwa mistari hii:

"Mimi Scolastika na mwenzangu Hamida tulilala kitanda kimoja siku sita. Tumelipishwa vitanda viwili. Tunaomba kitanda kimoja kilipiwe mara moja, na kila mgonjwa aonyeshwe orodha ya anacholipia kabla hajatoa pesa."

Nilikuambia huwezi kuiandikia bodi hivyo, kama unamtuma mtoto dukani. Nikaanza upya, "Husika na mada tajwa hapo juu," nikaendelea na aya ya pongezi, na aya ya historia ya huduma za afya. Ulisikiliza mpaka mwisho ukiwa umeshika tama.

"Baba Marko," ulisema, "wapelekee kitanda. Usiwapelekee kamusi."

Tukabishana kwa raha, kama kawaida yetu. Nikakuomba siku mbili za kuinyoosha. Siku ya pili ilikuwa ile Ijumaa.

Sasa nakuambia jambo ambalo wewe pekee ndiye uliyekuwa na haki ya kulijua kabla ya wote. Barua haikwenda. Baada ya arobaini niliitoa, nikaona haistahili jina lako, nikaiandika tena. Nikaiandika tena mara saba. Ilifika kurasa nne, ina vifungu vyenye namba, na kuna neno moja nililolitafuta siku tatu. Watoto waliponiuliza, niliwajibu kwamba jambo zuri halitaki haraka. Ukweli ni kwamba kila nilipoikalia pale mezani nilikuona upande wa pili umeshika tama, ukisubiri nimalize ili unicheke. Nilikuwa sitaki kumaliza.

Jumapili iliyopita tulikuwa na misa yako ya mwaka. Kanisa lilijaa, na kwaya iliimba vizuri sana, jambo lililotutuliza sisi sote na kutuhuzunisha. Baada ya misa, tukiwa tunakula nyumbani, aliingia Hamida. Alikuwa ametoka Chemba kabla ya jua, na dumu la asali mkononi. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akamfundisha mjukuu wetu William ile salamu yake. William ameipata mara ya kwanza. Hilo ungeliona si haki.

Alipomaliza kula, akageuka kwangu. "Baba, wakubwa walijibu nini kuhusu ile barua?"

Nilitazama sahani yangu. Emilia ndiye aliyenijibia, na hakunipunguzia. "Barua iko kabatini, dada Hamida. Baba bado anaitia nakshi."

Hamida hakunilaumu. Alisema tu kwamba ndiyo sababu hakuona jibu. Ufuta wa msimu huo haukuzaa, ile nusu hakuipata, akaona aibu kurudi pale akiwa na deni. Akaacha kwenda kliniki. Huu ni mwezi wa tano sasa hajaenda. Vidonge vilikwisha zamani, na kichwa kinamuuma asubuhi, lakini alikuwa anasubiri barua ya mama.

Marko akamuuliza kwa nini hakutuambia, tungemlipia. Hamida akasema mama hakutaka alipiwe, alitaka ahesabiwe sawa. Ndivyo ulivyomwambia mkiwa kitandani. Fulgence mdogo wako alikohoa, akaniambia kwa Kigogo jambo ambalo sitaliandika hapa, na nilistahili.

Sikusubiri chai. Nilifungua kabati, nikatoa kurasa zangu nne nikaziweka kando. Chini yake ilikuwepo ile karatasi ya kwanza, yenye maneno yako kama ulivyoyatoa, na alama ya kidole cha karanga pembeni. Nikayanakili kwa mwandiko wangu bora. Nilibadilisha tarehe. Juu yake niliandika "Aliyesema: Scolastika." Chini yake Hamida akaweka saini yake taratibu, nasi tukaweka zetu, kwani sote tumekaa miaka mingi tukikusikia. Kurasa zangu nne Emilia amezitandika kwenye kiota cha Chenji. Ananiambia kuku ameridhika nazo.

Jana Jumatatu nilikwenda kwa Frank kuulizia kwanza; barua niliiacha nyumbani ili Hamida aipeleke mwenyewe. Bado yupo dirisha lilelile, ila ameota ndevu. Alinishika kwa mikono miwili akasema, "Babu, pole sana. Karatasi ya bibi nimeingoja mwaka mzima. Bodi inakaa Alhamisi." Pia alinihakikishia kwamba kliniki haimfukuzi mgonjwa kwa deni la wodi, na kwamba Hamida angeweza kuja tangu zamani. Nililibeba hilo nyumbani, likanilemea njia nzima.

Mama Marko, wanaokukumbuka ndio hao walioweka majina yao chini ya maneno yako: mimi mumeo Wilbert Ndahani, watoto wako Marko, Emilia na Fredy, wakwe zako, wajukuu Sabrina na William, mdogo wako Fulgence wa Gulwe, Mzee Obedi, aliyeomba aandikwe kwenye ukoo kwa sababu ya swali lile, na Hamida wa Chemba, mwenzako wa kitanda. Maboksi yako hayajatupwa. Jumamosi Emilia huyapanga barazani, bei mpya anabandika yeye, na miwani ni ileile. Tukiwa hai, jina lako halitapoa vinywani mwetu.

Leo asubuhi, kabla sijamaliza kuandika haya, Hamida, aliyelala kwetu tangu Jumapili, aliamka kujiandaa kwenda kliniki. Nikaikunja barua mara tatu na kuitia kwenye ile bahasha uliyoinunua wewe. Nikalamba ukingo wake. Gundi ilikuwa imekauka kwa kukaa mwaka mzima kabatini. Emilia alikuwa anasonga ugali. Nilinyoosha mkono, naye akanipa tonge dogo la moto. Nikalipaka, nikakandamiza kwa kidole gumba mpaka likashika. Nikamkabidhi Hamida. Akaiweka ndani ya kadi yake ya kliniki, akachukua pakiti ya karanga za Frank, akapanda bajaji pamoja na Emilia, wakaenda nayo.