Kikombe Kwenye Tundu la Ukuta

Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unajitia ushujaa na kumkwepa daktari? Huku sote ni wazima. Mimi nimenenepa kidogo. Shangazi akikuambia nimenenepa sana, usimsikilize.

Kazi yangu ya kuthamini nyumba inakwenda vizuri na, kama ujuavyo, sina mpinzani mjini humu. Nikiingia sebuleni tu najua paa linavuja wapi kabla mwenyewe hajaanza kunidanganya. Lakini yapo yanayoniacha hoi hata mimi. Juzi nilikwenda kwa fundi saa mmoja mwenye geti kubwa la chuma, limepakwa rangi mpya, lakini nyumba haina ukuta wala ua. Geti limesimama peke yake uwanjani. Nilitaka kupita pembeni wanakopita kuku wake, akanizuia. Nikasimama juani mpaka alipouona ufunguo.

Mwingine ni muuza magodoro. Amejenga ngazi ya saruji nje ya nyumba, inapanda mpaka usawa wa bati na kuishia hapo. Nilipomuuliza, akasema, "Ghorofa inakuja, dada, we andika ngazi tu." Jioni hukaa kidato cha juu kabisa na redio yake, anapunga upepo.

Vitu kama hivyo mimi huviandika kuwa ni kasoro, na thamani ya nyumba inashuka. Sina huruma, na ndiyo maana benki zinaniamini.

Sasa tuje kwenye ulichoniagiza. Unataka tuuze nyumba ya Baba na kumhamishia kwenye fleti karibu na hospitali, kwa kuwa tangu Mama atutoke anaishi peke yake. Najua unasema kwa mapenzi. Ila kazini kwetu ni mwiko kuthamini nyumba ya ndugu, kwa hiyo nilimtuma mwenzangu tunayemwita Rula. Sijawahi kumwona akicheka akiwa kazini.

Alirudi akasema nyumba ni imara, ila kuna tundu ukutani kati ya jiko na chumba cha cherehani, halina kioo wala kifuniko. Kasoro hiyo, lizibwe kabla ya kuuza. Akanionyesha picha. Ndani ya tundu kulikuwa na kikombe cha chai, kinafuka mvuke. Alimuuliza Baba ni cha nani, Baba akamjibu, "Cha mwenye nyumba." Basi maskini Rula akakaa kumsubiri mwenye nyumba atoke amsalimie.

Tundu lenyewe unalikumbuka. Baba alilitoboa ili akishona amwone Mama jikoni, wapate kugombana bila mtu kunyanyuka. Chai ya Baba ilipitia hapo kila asubuhi, na sasa yeye ndiye anayemwekea Mama. Na wewe ulipoadhibiwa kukaa na Baba chumbani bila chakula, sahani yako ilipitia hapo hapo, huku Baba akijifanya anahangaika kutia uzi kwenye sindano.

Nililia, Kaka, sikufichi. Bado nasema ni kasoro, na mimi ningeandika vile vile. Lakini kuuza sikubali, na sahihi yangu hutaipata.

Nilimwendea Baba nikamweleza yote. Hakukasirika hata kidogo. Alisimamisha cherehani akasema, "Mwambie kaka yako mimi sijakataa. Akitaka kuuza, auze. Ila hilo tundu fundi asiliguse. Aje alizibe mwenyewe." Kesho yake akanunua mfuko wa saruji, akauegemeza ukutani chini ya tundu. Nadhani hatanii.

Shangazi anakusalimu sana, na jirani mshona viatu anauliza kama bado unamaliza soli upande mmoja. Nibusie watoto, na umwambie Shemeji nampenda kuliko ninavyokupenda wewe.

Mungu akulinde na akufikishe salama, maana najua utakuja. Saruji ipo, mchanga nitautafuta mimi, na mwiko wa kupigia lipu nitakuazimia. Ila uje asubuhi, Kaka. Utakikuta kikombe bado cha moto, na wewe ndiye utakayekiondoa.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna,

Kidomo