Ati Nimepumzika

Giakanja, Jumanne, Julai 1994

Hata kupumzika kumenishinda.

Daktari aliniandikia wiki mbili. Alisema presha imepanda, na kwamba madarasa matatu pamoja na kwaya ya kanisa ni kazi ya watu wawili. Leo ni siku ya nne tu. Nilikuwa nimekaa nje na blanketi mabegani, nikingoja ukungu upungue, mara akina mama wa kanisa wakaingia langoni wakiimba polepole wimbo wa mazishi. Mama Wambui alikuwa amebeba sukari na majani ya chai.

Waliponiona, wimbo ulikatika.

"Mwalimu! Kumbe uko!"

Mwalimu mkuu ndiye aliyewatangazia wanafunzi gwarideni: "Mwalimu Gathoni amepumzika." Watoto wakafikisha habari nyumbani vile walivyoisikia. Siwalaumu. Nani hapa kwetu amewahi kupumzika akiwa hai?

Tulicheka, nikainuka nikawapikia chai kwa sukari yao ya matanga. Hakuna aliyeniambia nikae. Wakiaga, Mama Wambui akanishika mkono.

"Sasa kama uko mzima, Jumapili si utakuja kwaya?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Wameenda. Vikombe kumi na viwili viko kwenye karai, na mkono wangu wa kushoto bado una ganzi.

Siku nikipumzika kweli, wataviosha wenyewe.