Baiskeli ya Mzee Semboja na Hundi ya Harish

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeshaupita umri uliofia, na bado naliandika neno hilo nikiwa nimenyoosha mgongo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe ulinifundisha kwa Kiswahili, dukani kwetu Sindeni, kabla hatujahamia huku India ambako hadi leo majirani wananiita Mwafrika.

Unaikumbuka baiskeli ya Mzee Semboja? Mwaka ule mahindi yalikauka kabla ya kubeba, akachukua unga na mbegu kwako, akaiacha baiskeli yake rehani. Uliiegemeza nyuma ya magunia, ukaifunika turubai. Ulipokwenda Korogwe kununua bidhaa, mimi, kijana wa miaka kumi na saba, niliipanda hadi Handeni kutazama mpira. Uliporudi uliona matope kwenye tairi. Hukupaza sauti.

"Rehani tunaitunza, hatuitumii," ulisema. "Twende ukamwambie mwenyewe."

Tulikwenda kwa miguu, mimi nikiikokota, kengele ikilia kila tulipopita shimo. Mzee Semboja alikuwa uani akichambua mbaazi.

"Nimeitumia," nilisema.

Akacheka hadi akakohoa. "Afadhali, baba! Ilikuwa inaota kutu huko kwenu. Breki je, zilikushika pale mteremkoni?"

"Hazikushika."

"Hazijawahi!"

Wewe hukucheka. Ulimwachia baiskeli yake, ukamwambia deni litasubiri mavuno bila rehani, kwa kuwa sisi ndio tuliovunja ahadi.

Baba, nimeitumia tena.

Harish, rafiki yangu mwenye duka la kuchapa kadi hapa mtaani, alinikopa fedha za mashine. Akanipa rehani hundi aliyoitia saini, tarehe na kiasi akiviacha wazi. Huku wengi hufanya hivyo. Kwa miaka mitatu alinilipa mkononi, kidogo kidogo, bila risiti, tukinywa chai. Deni lilikuwa karibu kwisha tulipogombana. Alisema mbele za watu kwamba mimi ni mgeni nisiyejua adabu za hapa. Nilirudi nyumbani nikaijaza hundi kwa deni zima, kana kwamba hakuwahi kulipa hata senti, nikaipeleka benki. Ikarudi, akaunti haikuwa na fedha za kutosha. Nikamtumia notisi. Siku kumi na tano alizopewa na sheria zikapita, nikafungua kesi, nikaapa.

"Saini hii ni yako?" hakimu alimuuliza.

"Ni yangu, mheshimiwa."

Basi. Kwa sheria ya huku, akishaikubali saini, mahakama inachukulia kwamba deni lipo, na ni juu yake kuonyesha kuwa halipo. Aonyeshe kwa ushahidi gani? Shahidi wake pekee ni mimi. Aligeuka akanitazama.

"Kaka, waambie basi tulivyokuwa tukinywa chai."

Niliinamia viatu vyangu. Na pale mahakamani, pasipo baiskeli, nikaisikia kengele.

Tangu siku hiyo hainiachi. Nafungua gazeti, inalia. Mke wangu ananiuliza nasikiliza nini, nami namwambia ni masikio ya uzee.

Kesho ni hukumu. Harish anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Nilimweleza wakili wangu kila kitu, akafunga mlango. "Mzee, ukisema hayo, utakayeshtakiwa ni wewe, kwa kuapa uongo. Ukitaka, patana naye kimya kimya, tuifute kesi." Nilikaribia kukubali. Kisha nikaona ingekuwa sawa na kuiegemeza baiskeli ukutani kwa Mzee Semboja na kuondoka bila kupiga hodi.

Nitakwenda kwa miguu. Harish akiwa amesimama pale, nitamwambia hakimu neno lile lile nililolisema uani kwa Mzee Semboja. Sitegemei mtu kucheka. Nakuomba tu utembee upande wangu wa kulia, kama siku ile, na usiseme kitu mpaka nimalize.

Mwanao,
uliyemfikisha kwa mwenye mali