Majina Thelathini na Nane

Majimoto, 24 Februari 2025

Mdogo wangu Verdiana,

Habari za Misunkumilo? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na wifi yako anasema ndicho kiungo changu pekee kinachofanya kazi kwa wakati.

Najua utacheka kuona karatasi, wewe unayefundisha walimu kutumia vishikwambi. Zile siku tatu za semina yako sikusinzia hata kidogo, ila usiniulize nilichoelewa. Sasa Mwalimu Mkuu Melkiadi kanichagua mimi kusajili darasa la saba kwenye mfumo wa mtihani, eti kwa sababu nina dada mtaalamu. Miaka hamsini na mbili, natafuta herufi kama kuku anayedonoa.

Lakini nimemaliza. Wote thelathini na nane wamo. Nimeanza na Nyanzala, yule binti wa Masunga anayenisahihisha hesabu ubaoni. Baba yake alitaka kuhama na ng'ombe tangu Januari, mashamba ya mpunga yamembana malisho. Amekubali kungoja mpaka Septemba, kwa ajili ya mtihani wa mtoto tu.

Namngoja Mwalimu Mkuu arudi kutoka msibani Inyonga apige muhuri, ndipo nitume. Miaka ishirini na sita sijatoa kitu shuleni bila muhuri. Sijui unapigwa wapi kwenye kioo, ila yeye atajua.

Kaka yako,
Ladislas

Misunkumilo, 26 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Pole na goti, sisi wazima. Simu yako haipatikani tangu jana, nasikia radi imepiga mnara wenu, na ya Mwalimu Mkuu huko msibani imezimwa. Barua hii nampa kondakta.

Kaka, hakuna muhuri. Aliyeandika majina ndiye anayetuma. Chini kabisa pameandikwa "Tuma", bonyeza hapo. Usajili unafungwa Ijumaa hii. Kama mnara bado, panda pikipiki na kishikwambi chako mpaka utakapopata mtandao.

Kosa ni langu pia. Semina nzima sikulisema hilo, nilidhani kila mtu anajua.

Mdogo wako,
Verdiana

Majimoto, 4 Machi 2025

Verdiana,

Nakusalimu. Basi lilizama kwenye tope. Barua yako nimeipata Jumapili baada ya misa.

Mwalimu Mkuu alirudi jana. Tukafungua pamoja: "Muda wa usajili umekwisha." Majina yote yamo na hakuna hata moja lililotoka. Hakunigombeza. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa kidevu, akasema, "Waite wazazi, Ladislas. Mimi naenda Mpanda."

Nimewaita leo. Nimewaambia imeshindikana na mkosaji ni mimi. Mama mmoja aliniuliza kama nami nina watoto. Masunga peke yake alinishika mkono, akanishukuru kwa kusema kweli. Shukrani hiyo ndiyo inayoniunguza.

Sina mtu mwingine, mdogo wangu. Fanya lolote.

Kaka yako,
Ladislas

Misunkumilo, 13 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Unakula? Najua mnara umerudi na simu inaita, wewe tu hupokei. Ndiyo maana Mwalimu Mkuu anakuletea barua hii kwa mkono wake.

Siku saba tumekaa naye kwenye benchi la ofisi ya elimu hapa Mpanda. Bwana mmoja akaniuliza, "Huyo kaka yako ni mwalimu kweli?" Nikamjibu ndiye aliyenifundisha kusoma.

Watafungua mfumo Jumanne tarehe 18, siku moja tu. Lazima utume wewe, neno la siri ni lako. Nyuma ya karatasi nimekuchorea ukurasa wote na mahali pa kubonyeza. Usimngoje mtu.

Mdogo wako,
Verdiana

Majimoto, 19 Machi 2025

Verdiana,

Salamu kwa wote hapo nyumbani. Wametoka, thelathini na nane. Nilibonyeza kwa vidole viwili, nikihofia kimoja kitateleza. Mwalimu Mkuu alitoka nje akajifanya anakagua choo, nikamsikia analia.

Nikaenda kwa miguu kumwambia Masunga. Zizi tupu, samadi bado mbichi. Jirani akasema wamehama Jumamosi. "Kama mtihani hakuna, angoje nini?"

Sasa nisikilize. Barua yako niliipata Ijumaa. Ningeweza kumwambia siku ileile. Nikasema hapana, nisiwadanganye wazazi mara ya pili, acha kwanza majina yatoke kweli. Niliona ni busara.

Kaka yako,
Ladislas

Majimoto, 20 Juni 2025

Verdiana,

Hamjambo? Mie nyama zimenitoka, wifi yako ananiita kijana. Safari mbili za pikipiki kuwatafuta akina Masunga nilirudi mikono mitupu. Ya tatu nimewapata, mbali sana, kwenye mbuga nisiyoijua hata jina.

Masunga alinipa maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwalimu, mwezi wa tatu ulisema imeshindikana, nikakuamini. Leo unasema imewezekana. Nimwamini mwalimu yupi?"

Nikafungua kishikwambi nimwonyeshe jina la mtoto. Mtandao hakuna. Alikitazama kioo cheusi kwa adabu, kama mtu anayetazama picha ya marehemu asiyemfahamu.

Nyanzala alisimama nyuma ya mama yake. "Shikamoo, mwalimu. Hesabu mmefika wapi?" Nikamwambia tumefika kwenye duara. Akaniuliza kanuni, nikamtajia, akaandika mchangani kwa kidole. Baba yake alisema atafikiri.

Kaka yako,
Ladislas

Misunkumilo, 5 Septemba 2025

Kaka,

Shikamoo. Mtihani ni Jumatano. Amekuja? Nijibu kwa njia yoyote, hata kwa kunipigia ukakata.

Mdogo wako,
Verdiana

Majimoto, 10 Septemba 2025

Verdiana,

Sikukupigia kwa sababu nilikuwa bado nangoja.

Leo asubuhi sisi walimu wa shule hatukuruhusiwa kusogea. Nilisimama nje ya uzio na wazazi. Msimamizi mgeni alikuwa mlangoni anaita majina, kila mtoto anaitika na kuingia.

"Nyanzala Masunga."

Watu wote tuligeuka kutazama barabara. Akaita tena. Hakukuwa na pikipiki wala mtu.

Mara ya tatu, mdogo wangu, kidogo niitike mimi.

Kaka yako,
Ladislas