Baba Mkwe Ndiye Kasisi Wetu Mpya, Nami Nimemkimbia

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu nyingi kutoka Ngonga, na kabla hujachoka kunisoma nakuomba unisaidie, maana Jumapili inakuja na mimi sijui nisimame wapi.

Mimi ni mwenyekiti wa Umoja wa Mama katika kanisa letu la Anglikana, na kwa miaka miwili tumemwomba askofu atupe kasisi msaidizi kwa sababu kasisi wetu, Angetile, ana makanisa manne na pikipiki moja, mvua zikikolea hafiki, basi mwezi uliopita jibu likaja, tukapiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka nje, halafu kasisi akasoma jina na vigelegele vikanikauka mdomoni: ni baba mkwe wangu. Ni mwalimu mstaafu wa Bujonde, amewekewa mikono ya ukasisi akiwa na miaka sitini na moja, na Mungu ananiona, mshauri, nilifurahi hadi nikalia.

Lakini mimi ni Mnyakyusa niliyelelewa na bibi, na bibi alinifundisha kwamba mkwe wa kike haonani uso kwa uso na baba mkwe, haketi naye chumba kimoja, wala jina lake halitaji, ndiyo maana hata hapa siliandiki. Wenzangu wengi wameacha, mimi sijaacha. Tangu Lugano anioe, mwaka wa tisa huu, baba akija kwetu mimi napika, Lugano anapeleka chakula sebuleni, nami nabaki jikoni nikisikiliza anavyowasifia samaki wangu, mbasa wa ziwani.

Sasa Alhamisi tulikuwa tunasugua sakafu ya nyumba atakayokaa, nikasikia sauti yake barazani, amekuja kuiona, na badala ya kutoka nimkaribishe kama mwenyekiti nikachomoka mlango wa nyuma na brashi mkononi, povu mpaka viwikoni, nikakatiza migombani huku nyuma kasisi Angetile akiita, "Mwenyekiti yuko wapi? Aje ampokee mgeni!" Aliyeniona ni Jeni, katibu wetu, ambaye yeye na baba mkwe wake wanakula sahani moja. "Ndaga fijo, mama mwenyekiti," akasema, "asante kwa makaribisho hayo. Kumbe kasisi mwenyewe humtaki!" Kufikia jioni habari zilishafika Mbugani kwamba nimemgomea kasisi.

Baba mwenyewe alielewa, na hilo ndilo linaloniumiza. Amemwambia Lugano, "Siwezi kumfukuza mkwe wangu kwenye kanisa lake. Nitamwomba askofu anipeleke kwingine." Lugano anasema niachie uenyekiti yaishe. Na Jumapili ni mimi ninayetakiwa kumkabidhi chungu walichotufinyangia kina mama wa Kikisi kule ziwani, kimejaa mchele mpya, mbele ya watu wote, kisha nipige magoti nipokee Ushirika mkononi mwake. Nikikabidhi, mashangazi wa Bujonde watasema sina adabu. Nikikataa, tutampoteza kasisi tuliyemlilia miaka miwili. Nifanyeje?

Tumaini, Ngonga

MSHAURI ANAJIBU

Tumaini mwanangu, pole. Na unisamehe, nimecheka. Nimekuona na brashi yako migombani mpaka chai ikanipalia.

Sasa nikuseme. Kosa lako si kutoka, ni kutoka kimyakimya. Ungemnong'oneza Jeni maneno manne tu, "Nipokelee mgeni, ni mkwe," leo asingekuwa na habari ya kupeleka Mbugani. Wewe unamkimbia mzee kwa heshima, naye anataka kukuhama kwa heshima, mtaheshimiana hivyo mpaka kanisa libaki bila kasisi. Na katika miaka yote tisa, kuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye anataka nini? Hakuna. Mnakisia tu.

Uenyekiti usiuachie. Lugano kazi yake ni kubeba sahani, aendelee nayo.

Leo hii, si kesho, kaanga mbasa uende Bujonde kwa mama mkwe wako. Huyo unaruhusiwa kumwona, na nakushangaa hukumkumbuka. Kaa jikoni kwake umwambie waziwazi kwamba unamtaka baba awe kasisi wenu na adabu yako hutaki kuipoteza, kisha yeye ayapeleke maneno hayo chumbani. Hiyo mila ina wenyewe, na wenyewe ni hao wawili. Wakisema yatosha, umeruhusiwa, kabidhi chungu kwa mikono yako na mashangazi wakanung'unikie huko huko Bujonde. Wakisema bado, mama mkwe ndiye akabidhi chungu, wewe usimame nyuma yake uongoze wimbo. Kwa vyovyote, barua ya kwa askofu isiandikwe. Na Jeni mweleze mwenyewe kabla ya ibada, tena umwambie kwa upole, maana hata yeye alikuwa anamtetea kasisi.

Umebakiza hofu ya Ushirika, na hapo ndipo uliponishangaza zaidi. Ni nani umewahi kumwona akimkodolea macho kasisi wakati wa kupokea? Kanisa zima linainamisha kichwa, Jeni akiwemo. Hakuna atakayefanya hivyo vizuri kuliko wewe uliyezoea miaka tisa.

Kwa hiyo usikimbie tena, mwanangu. Miaka tisa umemlisha mzee huyo bila kumwona uso. Jumapili ni zamu yake kukulisha wewe. Piga magoti, inamisha kichwa, kinga mikono, upokee.